Pasi, Shaba na Fundi wa Kariakoo

Wahenga walinena kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Apitaye mitaa ya Aggrey na Msimbazi, Kariakoo, huwaona vijana wa namna hiyo: wameinamia simu na redio, moshi wa kulehemu usoni, wakifufua vyombo ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa. Kazi yao ni ya heshima. Lakini yafaa tuulize: je, fundi ajuaye kuuponya ubao wa saketi uliotoka ng'ambo, ashindwe kuufanya wa kwake?

Ubao huo si mwujiza. Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyehamia Uingereza, aliutumia katika redio aliyoiunda London mwaka 1936. Ni bamba la nyuzi za kioo na gundi, lililovikwa shaba yenye unene wa kama milimita 0.035. Shaba isiyotakiwa huliwa kwa dawa. Inayobaki ndiyo njia ya umeme badala ya nyaya.

Vifaa vya kazi hii vyapatikana katika vitu vilivyochakaa maofisini. Mchoro huchapwa kinyume, kwa printa ya leza, juu ya karatasi laini ya jarida. Printa ya wino wa maji haifai. Unga wa leza ni plastiki, nao ukipata moto huyeyuka na kushikamana na shaba iliyosuguliwa ikang'aa. Karatasi hugandamizwa kwa pasi ya moto, ama, lililo bora, hupitishwa mara nyingi katika mashine kuukuu ya kufunikia vitambulisho kwa plastiki, maana hiyo hukandamiza sawasawa kuliko mkono. Kisha hulowekwa majini ikatoka, mchoro ukabaki. Ndipo ubao hutiwa katika feriki kloraidi, ndani ya bakuli la plastiki wala si sufuria, kwa kuwa dawa hiyo hula alumini.

Hapa twawaonya ndugu zetu. Dawa iliyokwisha kazi imejaa shaba, nayo ni sumu kwa samaki. Aimwagaye mferejini hapo Kariakoo aipeleka Mto Msimbazi, na Msimbazi huipeleka baharini. Wala isiwekwe katika chupa ya soda, mtoto asije akainywa. Fundi avae glavu na miwani, afanye kazi penye hewa.

Hatusemi kwamba ubao wa pasi utashindana na wa kiwandani. Faida yake ni kwamba fundi huweza kuchora asubuhi na kujaribu jioni, akikosea akarudia, bila kungoja shehena ya meli. Naye hana haja ya kutafuta mwalimu mbali: Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, iko mwendo mfupi kwa miguu. Karakana ya mtaani na darasa vikishikana mikono, fundi wetu hatabaki kuziba nyufa za kazi za wenzake tu.