Kawangware 46 na Kibra: Majina yanayotunza historia ya mitaa

MGENI akimwuliza utingo jijini Nairobi gari la Kawangware, huenda akajibiwa kwa nambari tu: 46.

Hiyo ni nambari ya njia ya magari, nayo imeshikamana na kituo na mtaa hata ikawa anwani. Kuzitambua njia kwa nambari ni urithi wa enzi za mabasi ya Kenya Bus Service, kampuni iliyoanza mwaka 1934. Matatu, zilizoruhusiwa rasmi mwaka 1973, ziliudumisha mtindo huo.

Jina Kawangware lenyewe ni la kale zaidi. Katika Kikuyu, ngware ni ndege aina ya kwale. Anayepita leo kati ya vibanda na maghorofa ya hapo atashangaa kusikia kwamba palitajwa kwa ndege wa vichakani.

Katika mitaa ambako mawe ya kumbukumbu ni haba, majina ndiyo yanayofanya kazi hiyo. Ushahidi wa hayo uko Kibera.

Kibra, kwa lugha ya Wanubi, ni msitu. Wanubi ni wazao wa askari wenye asili ya Sudan walioitumikia Uingereza katika kikosi cha King's African Rifles. Walianza kukaa hapo mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza takriban ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi. Askari wastaafu walipewa vibali vya kukaa na kulima, si hati za kumiliki. Kasoro hiyo ndiyo iliyozaa mzozo wa karibu karne nzima, kwani baada ya uhuru waliendelea kuhesabiwa kama wavamizi wa ardhi ya serikali.

Vijiji vyake pia vina habari. Laini Saba, wazee husimulia, ni kumbukumbu ya uwanja ambapo askari walifanyia mazoezi ya kulenga shabaha.

Mwaka 2012 eneobunge jipya lilipokatwa kutoka Lang'ata, lilipewa jina Kibra, si Kibera. Kwa wasiojua, hiyo ni herufi moja tu. Kwa Wanubi, ilikuwa kukiri ni nani aliyeuita msitu huo kwanza.

Juni 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hati ya pamoja ya ardhi. Ilikuwa ya ekari 288.