Fahamu: Kwa nini jaketi la kuokolea maisha halijazwi hewa ndani ya ndege

Unaweza kupanda ndege umechoka na maelezo ya wahudumu yakakupita. Lakini hili moja lisikupite.

Mnamo 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikija Nairobi kutoka Addis Ababa ilitekwa nyara, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175, walifariki 125. Baadhi yao walikuwa wamejaza majaketi hewa mapema. Maji yalipoingia, majaketi yaliwaelesha hadi darini, wasiweze kupiga mbizi kuufikia mlango. Inauma sana, maana walidhani wanajiokoa. Ndiyo sababu wahudumu husisitiza: vaa jaketi ukiwa kitini, lakini vuta kamba ya kulijaza hewa ukiwa mlangoni, unapotoka.