Viza ya Uswisi si Kibali cha Kazi



Kila mwaka, mwezi wa Juni, wajumbe wa wafanyakazi kutoka nchi nyingi hukutana Geneva, nchini Uswisi, kwenye mkutano wa Shirika la Kazi Duniani. Mjumbe akirudi, sisi viongozi humwuliza mkutano umeamua nini. Wenzetu wa kiwandani na wa mashamba ya chai humwuliza swali jingine: mtu huingiaje huko?

Swali hilo si la mzaha. Katika tawi letu moja kibarua aliuza ng'ombe wake wawili, akampa mtu fedha amtafutie "karatasi za Ulaya". Alipozifikisha ubalozini akaambiwa ni za uongo. Aliyekula fedha hakuonekana tena. Kwa hiyo tumeona tueleze mambo yalivyo.

Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya, lakini tangu Desemba 2008 imo katika mapatano ya Schengen, ambayo sasa yana nchi 29. Viza moja ya matembezi kwa kawaida hutumika katika nchi hizo zote. Sisi wenye pasi za Uganda hatuingii bila viza, na ndivyo ilivyo kwa ndugu zetu wa Kenya, Tanzania, Rwanda, Burundi na Kongo.

Pasi iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku utakayoondoka huko. Ombi lipelekwe si zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala si chini ya siku 15. Unakwenda mwenyewe na kuchukuliwa alama za vidole. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima. Fedha hiyo ni ya kuangaliwa ombi lako, ukikataliwa hairudi. Inatakiwa pia bima ya safari inayoweza kulipa matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Asiye na mwenyeji wa kumdhamini aonyeshe kama faranga 100 za Uswisi kwa kila siku atakayokaa.

Sasa tufike penye ugumu. Karani wa ubalozi anataka hasa kujua jambo moja: utarudi nyumbani? Kwa hiyo anaomba barua ya mwajiri, barua ya likizo, hati za mshahara na taarifa ya benki. Meneja anazo zote katika saraka ya meza yake. Mchuma chai aliyelipwa kwa kilo miaka 12 hana hata moja. Kazi anayo, ushahidi hana.

Hapo ndipo jambo la viza linapokuwa jambo la chama. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi haki ya kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi, na hati ya mshahara kila anapolipwa. Kanuni za mwaka 2011 zinasema kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo apewe mkataba wa maandishi. Tumeziomba karatasi hizo katika ofisi nyingi, tukajibiwa kwamba zinachapwa. Mashine hiyo ya kuchapa lazima ni nzito sana. Lakini tunaendelea kuzidai, maana hata asiyevuka mpaka atazihitaji benki na mahakamani.

Wako wanaoshauri kukopa fedha na kuziweka benki wiki moja kabla ya kwenda ubalozini. Taarifa ya benki huonyesha tarehe, nao wanajua kusoma. Na ukipeleka karatasi ya uongo ukakataliwa, jina lako na alama za vidole hukaa katika mitambo yao hadi miaka mitano, na balozi zote za mapatano hayo huziona.

Viza yenyewe inakupa siku 90 ndani ya kila siku 180, kwa nchi zote kwa jumla. Haikuruhusu kuajiriwa. Mtu wa kwetu akitakiwa kazini Uswisi, mwajiri wa huko ndiye anayeomba kibali kwa serikali ya jimbo lake, naye hupewa kwa ajili ya mafundi na wataalamu wasiopatikana huko wala katika nchi za Umoja wa Ulaya. Basi anayekuuzia kazi ya Uswisi langoni mwa kiwanda, mwulize jina la mwajiri na kibali kiko wapi.

Hata mwenye viza huweza kuulizwa tena mpakani: barua ya mwaliko, fedha, tiketi ya kurudi. Vibebe mkononi, usivifungie katika sanduku. Cheti cha homa ya manjano Uswisi hawakidai, ila Uganda hukidai ukirudi.

Ukikataliwa utapewa fomu yenye sababu, na kwa Uswisi unazo siku 30 za kupinga. Usiitupe kwa hasira. Ilete kwa katibu wa tawi siku ile ile, tuisome pamoja kabla siku hazijaisha.