Je, Hulka ya Mtu Yaweza Kupimwa kwa Maswali?

Katika Nyarugusu, mji mdogo wa wachimbaji wa dhahabu mkoani Geita, kumjua mtu si jambo la maongezi tu. Wanaoshirikiana katika duara moja hushuka ardhini kwa zamu, usalama wa mmoja ukiwa mikononi mwa mwingine. Mwenye duara hutoa chakula na vifaa kabla hajaona hata punje moja ya dhahabu. Mifuko ya mawe ikishapandishwa juu, lazima apatikane mtu wa kuilinda mpaka ifike kwenye karasha na mwalo. Nani mwaminifu? Nani mwenye papara? Nani hatakimbia siku mambo yatakapoharibika? Tangu zamani maswali haya yamejibiwa kwa njia moja: kuuliza mtu ametoka wapi, kumtazama akifanya kazi, na kungoja.

Siku hizi imezuka njia nyingine, inayodai kutoa jibu kwa muda wa dakika chache. Njia hiyo ni vipimo vya hulka. Mtu hupewa orodha ya maswali kuhusu mambo anayoyapenda na anavyojiona, kisha huambiwa kwamba yeye ni wa aina fulani. Vipimo hivyo hutumika katika semina za makampuni na katika kuajiri, na wanafunzi wetu wengi hujipima wenyewe kwa simu. Makala haya yanakusudia kueleza vipimo hivyo vilitoka wapi, vinaeleza nini kwa kweli, na kwa nini mwalimu anapaswa kuvitumia kwa hadhari kubwa.

ASILI YA AINA ZA WATU

Hamu ya kuwagawa watu katika aina ni ya kale. Galen, tabibu aliyeishi katika karne ya pili, aliendeleza mafundisho ya Wagiriki kwamba afya na tabia ya mtu hutegemea mchanganyiko wa majimaji manne ya mwili. Elimu hiyo ilipokewa na matabibu wa Kiislamu, na mabaki yake yamo hata leo katika uganga wa pwani yetu, unaozungumzia hali ya moto na baridi, ya ukavu na majimaji.

Katika karne ya 20, jina lililovuma zaidi ni la Carl Gustav Jung, daktari wa Uswisi. Mwaka 1921 alitoa kitabu kilichowagawa watu kufuatana na mwelekeo wa nafsi zao: wale ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na vitu, na wale ambao huelekea ndani, katika fikira zao wenyewe. Wasomaji wengi hawajui kwamba Jung alifika Afrika ya Mashariki. Mwishoni mwa mwaka 1925 alishuka Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, kisha akaenda kukaa miongoni mwa wenyeji wa Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Alizungumza nao kwa Kiswahili kidogo alichojifunza, akisaidiwa na kamusi. Lakini kitabu chake cha aina za watu kilikuwa kimekwisha kuchapishwa miaka minne kabla ya safari hiyo. Msingi wake ulikuwa wagonjwa na vitabu vya Ulaya.

Mawazo ya Jung yalichukuliwa na wanawake wawili wa Marekani, Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers. Hawakuwa wamesomea saikolojia chuoni. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walianza kutunga maswali ambayo yangemweka kila mtu upande mmoja katika jozi nne za sifa. Jozi nne zenye pande mbili hutoa aina 16, na kila aina ikapewa herufi zake nne. Kipimo hiki ndicho kilichoenea duniani kuliko vingine vya namna yake.

KWA NINI TUNAVISADIKI

Anayepimwa husoma maelezo ya aina yake, akatikisa kichwa na kusema, "Huyu ni mimi hasa!" Je, hilo si uthibitisho wa kutosha?

La hasha. Mwaka 1948 Bertram Forer, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, aliwapa kipimo cha hulka wanafunzi wake 39. Baada ya siku chache alimrudishia kila mmoja maelezo yake kwa siri, akawaomba wayape alama kuanzia 0 hadi 5 kufuatana na usahihi wake. Wastani ulikuwa 4.26. Kisha akawafunulia kwamba wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, neno kwa neno, na kwamba sehemu kubwa ameichota katika kitabu cha unajimu.

Siri yake ni nyepesi. Ukimwambia mtu, "Wewe ni mpole, lakini ukionewa sana hunyamazi," nani atakataa? Sentensi kama hiyo inamfaa kila binadamu, ila kila mmoja huisoma akikumbuka maisha yake mwenyewe. Kurasa za nyota katika magazeti hutegemea udhaifu huohuo.

Mwalimu aweza kulirudia jaribio hili darasani bila gharama. Atunge maswali kumi, akusanye majibu, na siku ya pili ampe kila mwanafunzi karatasi yenye maelezo yaleyale ya jumla. Wanafunzi watoe alama, na darasa litafute wastani. Kisha kila mmoja abadilishane karatasi na jirani yake. Ni muhimu ukweli uelezwe katika kipindi hichohicho, pasiwe na mtoto anayeondoka na maelezo ya uongo juu ya nafsi yake.

VISANDUKU NA MIZANI

Kasoro ya pili ya vipimo vya aina ni ya kihesabu. Tuseme tunapima urefu wa wanafunzi wa kidato cha nne, tukaamua kwamba aliyezidi sentimita 165 ni "mrefu" na aliyepungua ni "mfupi". Mwanafunzi mwenye sentimita 164 na mwenye 166 watatengwa, ingawa wakisimama pamoja huoni tofauti. Papo hapo, mwenye 166 na mwenye 185 watawekwa kundi moja. Hulka nazo hugawanyika kama urefu: watu wengi wapo karibu na katikati, na wachache wapo kwenye ncha. Kuukata mstari huo katikati ni kuwatenga walio karibu zaidi.

Matokeo yake ni kwamba mtu aliye karibu na mpaka hubadilika "aina" kwa kubadili majibu mawili au matatu. Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa uwezekano wa kila herufi kubaki ileile mtu apimwapo mara ya pili ni 0.8, uwezekano wa herufi zote nne kubaki zilivyo ni 0.8 × 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani karibu 0.41. Watu 59 kati ya 100 wangepata aina mpya. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba jambo hili si la karatasini tu: baada ya majuma matano, hata nusu ya waliopimwa waweza kupewa aina nyingine. Rula inayotoa jibu jingine kila juma haiwezi kuaminiwa na fundi yeyote.

Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wameacha visanduku, wakachukua mizani ya sifa tano: uchangamfu mbele ya watu, upole wa kupatana na wengine, uangalifu na bidii, wepesi wa kuingiwa na wasiwasi, na udadisi wa mambo mapya. Hapa mtu haambiwi ni wa aina gani. Huambiwa amesimama wapi katika kila mizani. Njia hii ina ukweli zaidi, lakini tusiitukuze kupita kiasi. Uwiano kati ya alama za uangalifu na utendaji kazini ni kama 0.2. Kwa lugha ya takwimu, zidisha 0.2 kwa 0.2 upate 0.04: alama hizo zinaeleza kiasi cha asilimia 4 tu ya tofauti za utendaji baina ya watu. Asilimia 96 iliyobaki hutokana na mambo mengine.

KIPIMO KINAPOSAFIRI

Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa sifa hizo tano katika mataifa 56, Tanzania ikiwamo. Watu walijieleza wenyewe kwa kujibu maswali. Katika sifa ya uangalifu na bidii, eneo la Afrika lilipata wastani wa juu kuliko maeneo mengine, na Asia ya Mashariki, yaani Japani na jirani zake, ikawa chini kabisa. Je, Mjapani ni mvivu? Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba kila mtu hujilinganisha na watu wanaomzunguka na kipimo cha bidii wanachokidai. Anayeishi mahali ambapo kuchelewa dakika mbili ni aibu hujiona mzembe kwa kosa ambalo mwingine hata halioni.

Shida nyingine ilionekana ng'ambo ya Ziwa Viktoria. Huko Siaya, magharibi mwa Kenya, wakulima 960 walipimwa uwezo wa akili, ujuzi wa kilimo na hulka, kisha wakapimwa tena. Vipimo vya akili vilitoa majibu thabiti. Vya hulka viliyumba sana. Mwaka 2019 uchunguzi mwingine, uliohusu watu 94,751 katika nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, ulionyesha kwamba maswali ya sifa tano, yakiulizwa ana kwa ana, mara nyingi hayapimi sifa zilizokusudiwa. Sababu mojawapo ni kwamba wajibuji wengi huelekea kukubali kila wanaloambiwa. Hilo si ajabu kwa mtu aliyelelewa kumheshimu mgeni mwenye daftari.

Kisha ipo lugha. Kiswahili kina vivumishi vichache vya kueleza tabia, na jambo hili limeshughulikiwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi, waliochunguza msamiati wa hulka katika lugha yetu. Sisi husema mtu ni msiri, mchapakazi au mgomvi. Husema ana haya, ana utu, ni mtu wa watu, au ana mkono wa birika. Yule anayeitwa na Jung mtu wa kuelekea ndani tutamwitaje? Tukisema "mkimya" tumeharibu maana. Mkwe aliye kimya mbele ya wakwe zake anatimiza adabu. Jioni katika ngoma huenda akawa msemaji kuliko wote. Ukimya wake ni wa mahali, na kipimo kilichoandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa California hakina nafasi ya kuliandika hilo.

MKULIMA AU MCHIMBAJI?

Utafiti mmoja wa zamani unastahili kukumbukwa na walimu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1961 na 1962, kundi la wataalamu wakiongozwa na Walter Goldschmidt wa Chuo Kikuu cha California lilichunguza Wahehe wa Tanganyika, Wakamba na Wapokot wa Kenya, na Wasebei wa Uganda, ambao nchi yao imo katika mlima uleule aliouzuru Jung. Katika kila kabila walichagua jamii ya wakulima na jamii ya wafugaji. Robert Edgerton aliwahoji watu zaidi ya 500 kwa maswali na picha, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1971. Tofauti za makabila zilikuwapo. Hata hivyo, ndani ya makabila hayo wafugaji walielekea kuonyesha hisia na hasira zao waziwazi, ilhali wakulima walielekea kuzificha. Mfugaji akigombana aweza kuhama na ng'ombe wake. Mkulima ataamka kesho akimwona jirani yuleyule mpakani mwa shamba.

Turudi sasa Nyarugusu. Katika ukanda wa dhahabu wapo watu wengi wanaolima mvua zinaponyesha na kuchimba wakati wa kiangazi. Mtu huyo akiulizwa, "Je, unapenda kujaribu mambo ya hatari?" ajibu nini? Shambani huhifadhi mbegu kwa uangalifu wa hali ya juu; miezi michache baadaye hushuka shimoni asikojua atakuta nini. Hakubadilika nafsi njiani. Anayelipa karo kwa fedha za duara hashuki kwa sababu anapenda hatari. Kipimo kitakachomwita "mpenda hatari" kitakuwa kimeupima umaskini wake, au msimu, kikauita hulka.

KWA NINI JAMBO HILI NI ZITO

Historia yetu imeonja uchungu wa kuelezwa kwa aina. J. C. Carothers, daktari aliyesimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, aliandika kitabu kilichochapishwa na Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 1953, akifananisha akili ya Mwafrika na ya Mzungu aliyepasuliwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 Serikali ya kikoloni ya Kenya ilichapa kijitabu chake juu ya Mau Mau, ambamo vita vile vilielezwa hasa kama dalili ya nafsi zilizovurugika, na dai la ardhi likasogezwa pembeni. Watu wakishaitwa aina fulani, hakuna tena anayewauliza wanataka nini.

Vipimo vya leo havina nia hiyo, lakini hatari ipo pale cheti cha aina kinapochukua nafasi ya ushahidi. Msichana wa sekondari mkoani Geita akiambiwa kwamba "aina yake" haifai kwa fizikia, huenda akaacha tahasusi aliyoiweza. Kijana huenda akanyimwa kazi kwa herufi ambazo zingebadilika mwezi ujao.

Kwa hiyo mwalimu anapoletewa kipimo chochote cha hulka, na aulize maswali manne. Je, mtu akipimwa mara mbili hupata jibu lilelile? Je, maelezo yake yangemfaa mtu mwingine yeyote? Je, kimejaribiwa kwa watu wa hapa na kwa lugha yao? Je, matokeo yake yanalingana na matendo yanayoonekana? Kipimo kisichojibu maswali haya chaweza kuwa mchezo wa kufurahisha mwisho wa muhula, lakini kisitumike kuamua maisha ya mtoto. Kwa uamuzi huo, mwalimu aliyemfundisha mwanafunzi wake kwa miaka minne ana ushahidi mwingi kuliko karatasi ya dakika ishirini, naye mwenye duara wa Nyarugusu hakosei anapomtazama mtu akifanya kazi kabla ya kumkabidhi mifuko.