Betri za Malori Kyumbi: Kweli au Uongo?

Kyumbi, pale njia ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Mombasa, malori hayakosekani mchana wala usiku. Penye malori pana betri, na penye betri pana maneno: fundi ana lake, dereva ana lake, tanboi naye ana lake. Baadhi ya maneno hayo ni kweli tupu. Mengine yanawatoa watu pesa bure. Haya hapa yanahusu jambo lisiloonekana kwa macho, nalo ni mwendo wa asidi ndani ya betri na jinsi umeme unavyogawanyika juu ya mabamba yake.

"Starta ikikataa, ngoja dakika chache ujaribu tena."

Kweli. Wapo wanaodhani ni imani tu, lakini kauli hii ina msingi imara. Bamba la betri si kipande kigumu cha risasi. Ni wavu wa risasi uliopakwa dawa laini yenye vitundu vidogo mno, na asidi iliyomo vitunduni ndiyo inayotangulia kufanya kazi. Starta ya lori huvuta mamia ya ampea kwa mara moja. Asidi ya vitunduni inaliwa upesi kuliko ile ya nje inavyoweza kuingia, basi betri inalegea hali asidi nzuri ingalipo, milimita moja tu kutoka inapohitajika.

Ukitulia, asidi hiyo inapenya. Haina haraka: kuvuka milimita moja huchukua dakika kadhaa, na njia ikirefuka mara 2, muda unaongezeka mara 4. Kwa hiyo dereva anayeshikilia ufunguo mfululizo anazidi kuinyima betri nafasi ya kujirudisha. Mjerumani Wilhelm Peukert aliliwekea jambo hili hesabu mwaka 1897, akaonyesha kwamba kadiri unavyovuta umeme kwa nguvu, ndivyo jumla ya umeme utakaoupata inavyopungua.

"Betri ya gari na ya sola ni moja, tofauti ni karatasi iliyobandikwa."

Uongo, na sababu ndiyo hiyo hiyo. Betri ya kuwashia gari ina mabamba mengi membamba ili asidi iingie haraka. Ya sola ina mabamba manene, yanayotoa umeme kidogo kidogo usiku kucha na kustahimili kuishiwa mara kwa mara. Ukiweka ya gari kwenye sola ya nyumbani, haitakaa.

"Mabamba yote yanafanana, kwa hiyo yanachoka sawa."

Uongo, na huu ndio uongo ninaotaka usahaulike kabla ya mingine yote. Fungua betri iliyokufa utaona mabamba bapa, yamepangwa sambamba, kipimo kimoja, nafasi moja. Macho yanakuambia umeme umegawanyika sawasawa. Ungegawanyika hivyo kama risasi isingekuwa na ukinzani wowote. Lakini inao, na umeme wote wa bamba hutokea kwenye sikio dogo lililo juu. Sehemu zilizo karibu na sikio hubeba mzigo mkubwa, za chini hubeba mdogo, kama lami ya pale makutanoni inavyochakaa kabla ya lami ya barabara za vijijini.

Chini kuna balaa jingine. Wakati wa kuchaji, asidi inayotoka mabambani ni nzito, nayo huzama. Juu inabaki nyepesi, chini inakuwa kali, na mabamba yanaota salfeti ngumu kuanzia chini. Hata mpangilio wenyewe haulingani: katika betri nyingi mabamba hasi huzidi chanya kwa moja, hivyo yale mawili ya pembeni ni hasi na hufanya kazi upande mmoja tu, ilhali kila bamba chanya linafanya kazi pande zote mbili.

"Betri ikitoa mapovu kwenye chaja, inaharibika."

Nusu kweli. Ikichemka saa nyingi inapoteza maji na mabamba yanamomonyoka. Lakini mapovu ya muda mfupi mwishoni, volti zikifika 14.4 hivi kwa betri ya volti 12, huikoroga asidi iliyozama na kuichanganya upya. Fundi anayeondoa betri mapema kwa kuogopa mapovu anaiacha asidi chini. La kuogopwa hasa ni moto, kwa kuwa mapovu hayo yana haidrojeni, ambayo hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa. Usivute sigara hapo.

"Betri ikichoka, iongeze asidi."

Uongo. Asidi haikupotea. Imejificha mabambani kama salfeti, na itarudi ukichaji. Kilichopungua ni maji, basi ongeza maji ya betri. Si ya kisima: maji ya visima vingi vya Ukambani yana chumvi, na chumvi hula mabamba.

"Lori la volti 24 lina betri mbili. Imekufa moja, nunua moja."

Uongo wa gharama. Betri hizo zimeunganishwa kwa mfululizo, kwa hiyo umeme ule ule unapita zote mbili. Ile ya zamani inaishiwa kwanza huku mpya ingali inasukuma, na ikija kwenye kuchaji, moja inazidishiwa na nyingine haishibi. Kuvuta waya wa redio kutoka betri moja tu kunaleta hasara hiyo hiyo.

"Asidi ya zamani imwage kando, tia mpya."

Uongo, tena wa hatari. Asidi hiyo imebeba risasi, na risasi haiozi udongoni. Mwisho wa barabara hii hii, Mombasa, wakazi wa Owino Uhuru waliathiriwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri yako ikifa, usiipasue wala usiimwage. Ipeleke nzima, na asidi yake ndani, kwa mnunuzi mwenye kibali.