Ukipigwa tochi barabarani, namba pekee haitoshi

Lori la vitunguu linalotoka Arusha kwenda Namanga hupita maeneo kadhaa ya makazi yenye kibao cha 50. Dereva akichelewa kupunguza mwendo, mbele kidogo husimamishwa na askari na kuonyeshwa kioo cha tochi: 68. Kwa mfanyabiashara anayewahi foleni ya mpakani, faini ya Sh30,000 huonekana nafuu kuliko mabishano. Wengi hulipa bila kuuliza neno.

Hata hivyo, namba ile ni ushahidi, na ushahidi una masharti yake.

Nchini Kenya, kifungu cha 43 cha Sheria ya Trafiki kinazuia dereva kutiwa hatiani kwa mwendo kasi kwa maoni ya shahidi mmoja tu. Askari anayesema “nilimwona anakimbia” anahitaji kitu cha kumuunga mkono, na tochi ndiyo hufanya kazi hiyo. Kwa hiyo maswali ya mahakamani huhamia kwenye kifaa: kilikaguliwa lini, nani alikishika, na je, kilipima gari hili au jingine?

Swali la mwisho si la ujanja. Tochi ya rada hutuma mawimbi ambayo hubadilika yanapogonga gari linalotembea na kurudi. Kifaa husoma badiliko hilo kama kasi. Lakini mawimbi hayo hutanuka kadiri yanavyokwenda mbali. Lori likipitwa na basi, namba inaweza kuwa ya basi. Tochi ya leza ina mwale mwembamba, hivyo hutenganisha magari vizuri zaidi.

Wapo madereva wanaodai kwamba askari akisimama pembeni, kasi husomeka kubwa. Ukweli ni kinyume chake: kipimo cha pembeni husoma kasi ndogo kuliko halisi.

Usahihi huo una bei. Kwa kanuni za Kenya za makosa madogo za 2016, kuzidisha kilomita 10 kwa saa ni faini ya Sh500 za Kenya. Kuzidisha 11 ni Sh3,000, na kuanzia 16 hadi 20 ni Sh10,000. Kilomita moja tu inaweza kumgharimu mtu Sh2,500.

Picha nayo haijitoshelezi. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inadai cheti kwa ushahidi wa kielektroniki. Tanzania, kupitia Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, huitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa. Uganda ilizindua faini za kamera Juni 2025, kisha ikazisitisha mwezi huo huo baada ya malalamiko ya wananchi.

Kwa mwenye mzigo, la kufanya ni dogo. Dereva aombe kuona kasi, saa na namba ya gari kwenye picha, na akumbuke kibao kilipo. Apewe hati ya faini na alipe kwa namba ya malipo, si mkononi. Kulipa ni kukubali kosa. Asiyekubali anaweza kwenda mahakamani.

Nchini Tanzania, faini isiyolipwa hubaki kwenye namba ya gari. Anayekodi lori akubaliane na mwenye gari nani atalipa, kabla ya kupakia.

Na penye kibao cha 50, mguu kwenye breki bado ndio utetezi wa bei rahisi zaidi.