King'ora cha Moshi na Ufunguo wa Mlango

Katika nyumba nyingi za Kahama, Shinyanga mjini na Geita, kazi ya mwisho kabla ya kulala ni kufunga. Mlango wa mbao hutiwa komeo, geti la chuma lililo mbele yake hufungwa kwa kufuli, na ufunguo hupelekwa chumbani kwa baba au mama mwenye nyumba. Madirisha yamekwisha kuzibwa kwa nondo tangu siku ya ujenzi. Yote hayo hufanywa kwa hofu ya wezi, na hofu hiyo ina msingi katika ukanda ambao dhahabu huleta fedha taslimu na watu wasiofahamiana. Lakini moto ukizuka saa nane usiku, kufuli lile lile lililowazuia wezi kuingia huwazuia wenye nyumba kutoka.

Hiyo ndiyo sababu kitambua moshi kisichotumia nyaya, kifaa kidogo cha mviringo kinachotundikwa darini na kuunganishwa na simu janja, kinastahili kutazamwa na mhudumu wa afya kama anavyokitazama chandarua. Vyote viwili ni kinga inayofanya kazi mtu akiwa usingizini. Vyote viwili havina faida vikitundikwa vibaya.

Moshi hutangulia moto

Tanzania imekwisha kulipa gharama kubwa ya moto wa usiku. Shauritanga wilayani Rombo mwaka 1994, Idodi mkoani Iringa mwaka 2009 na Byamungu wilayani Kyerwa, Kagera, mwaka 2020 ni majina ya shule ambazo moto uliwakuta wanafunzi bwenini na kuua. Majumbani misiba ya namna hiyo hupita bila kutangazwa sana, ila njia yake ni ile ile.

Mara nyingi si mwali unaoua kwanza, bali moshi. Godoro la sponji likiungua hutoa kaboni monoksidi na sianidi ya hidrojeni. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, nayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Wala si salama kutegemea pua, kwa kuwa mtu aliyelala usingizi mzito huenda asiamshwe na harufu ya moshi. Akiamka akiwa amekwisha kuvuta hewa hiyo kwa dakika kadhaa, miguu hukosa nguvu na akili huchanganyikiwa, hata mlango anaoupita kila siku akashindwa kuuona. King'ora kinachompa mtu dakika chache za mapema humpa muda wa kutoka angali na fahamu.

Kuchagua na kutundika

Vitambua moshi vya nyumbani viko vya aina kuu mbili. Kimoja hutumia chembe ndogo ya madini yenye mionzi, nacho huwahi zaidi kuhisi moto wenye miali mikubwa. Kingine hutumia mwanga, nacho huwahi moto unaofukuta polepole, kama ule wa godoro, nguo au marobota ya pamba yaliyohifadhiwa ndani. Kwa vyumba vya kulala, kile cha mwanga ndicho kinachofaa zaidi.

Moshi hupanda, kwa hiyo mahali pa kifaa ni darini, karibu na katikati ya chumba na mbali na pembe, ambako hewa hutuama. Kila chumba cha kulala kiwe na chake, na kingine kiwe kwenye ujia unaoviunganisha vyumba. Kisiwekwe jikoni, wala karibu na feni au dirisha. Umbali wa mita tatu kutoka mahali pa kupikia hupunguza vilio vya bure, na jambo hilo si dogo: king'ora kinacholia kila maharage yanapounguzwa kitang'olewa betri kabla ya mwezi kwisha. Nyumba isiyo na dari, yenye bati tupu, ina shida yake. Hewa ya moto hujikusanya chini kabisa ya kipeo cha paa na kuuzuia moshi kufika hapo. Kifaa kifungwe kwenye boriti, angalau sentimita 10 chini ya kipeo.

Kuunganisha hakuhitaji fundi mkubwa. Betri hutiwa, vifaa hutambulishwa kimoja kwa kingine kwa kubonyeza kitufe kama maelekezo yanavyosema, kisha hujaribiwa vikiwa bado mkononi, na baada ya hapo hutundikwa na kujaribiwa upya kila kimoja mahali pake. Jaribio la pili ndilo lenye maana, kwa kuwa kuta nene na mabati hudhoofisha mawimbi ya redio. Kinachotafutwa ni hiki: kitambua moshi cha sebuleni kikihisi moshi, vya vyumbani navyo vilie papo hapo.

Hapa pana jambo ambalo wauzaji hawalitaji mara zote. Ujumbe unaofika kwenye simu ni nyongeza tu. Umeme wa LUKU huisha, bando huisha, na simu huzimwa usiku. Kwa sababu hiyo vifaa vinavyofaa ni vile vinavyoamshana vyenyewe kwa redio bila kupitia intaneti, na vyenye betri yake ndani. Simu ina kazi pale nyumba inapokuwa haina mtu, au pale baba akiwa zamu ya usiku mgodini na watoto wako nyumbani. Namba ya jirani ikiandikishwa pia, msaada hufika upesi kuliko yeye.

Kifaa hujaribiwa mara moja kila mwezi. Vumbi la kiangazi na wadudu wadogo hukifanya kilie ovyo au kinyamaze, hivyo hupanguswa kwa brashi laini. Kikitoa mlio mfupi kila baada ya muda mchache, mara nyingi betri inakwisha. Kikifikisha miaka 10 hubadilishwa, hata kama bado kinalia.

Wasioamshwa na king'ora

Ving'ora vingi hulia kwa sauti nyembamba na kali. Bahati mbaya, hiyo ndiyo sauti inayopotea kwanza kwa mtu aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashine za kuchoronga miamba na mitambo ya kusaga mawe. Mchimbaji wa Geita aliyeharibika masikio anaweza kulala huku king'ora kinalia juu ya kichwa chake. Kwake kinafaa chenye sauti nzito zaidi, au kilichounganishwa na kitikisio kinachowekwa chini ya mto. Watoto wadogo nao mara nyingi hawaamshwi na mlio huo, na aliyelewa hali kadhalika. Kila familia huamua mapema nani atamwamsha nani.

Asichokihisi mlinzi huyu

Kitambua moshi huhisi chembe za moshi, basi. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua hutoa kaboni monoksidi bila moshi wa kuonekana, na jenereta iliyowekwa kwenye ujia ili isiibwe hufanya vivyo hivyo. Hewa hiyo ina kitambuzi chake, ingawa viko vifaa vinavyounganisha kazi zote mbili. Muhimu ni kusoma maandishi kabla ya kununua. Gesi ya mitungi nayo haihisiwi. Ni nzito kuliko hewa, na kitambuzi chake hufungwa karibu na sakafu.

Iko pia hatari ambayo kifaa cha nyumbani hakipaswi kutegemewa kabisa kuigundua, nayo ni mvuke wa zebaki. Katika vijiji vya wachimbaji wadogo, dhahabu iliyochanganywa na zebaki huchomwa ili zebaki iruke, na wapo wanaoichomea jikoni au uani, watoto wakiwa karibu. Mvuke huo haunusiki, nao hudhuru ubongo, figo na mtoto aliye tumboni. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kwa nyumba moja moja, kinga ni kutochomea dhahabu mahali watu wanapoishi.

Mgonjwa anapofika zahanati

Mtu aliyevuta kaboni monoksidi huja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Katika Kanda ya Ziwa dalili hizo huitwa malaria kabla hata kipimo hakijafanywa. Kipimo kikitoa majibu hasi na mgonjwa akiwa hana homa, maswali matatu yana thamani kubwa: Je, wengine nyumbani nao wanaumwa kichwa? Je, hali hupungua mkitoka nje? Jana usiku kulikuwa na jiko au jenereta ndani?

Kipima oksijeni cha kidoleni kinaweza kumdanganya mhudumu hapa. Kifaa cha kawaida hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na kaboni monoksidi, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Mgonjwa hutibiwa kwa historia yake, si kwa namba hiyo. Hupewa oksijeni kwa wingi kwa barakoa yenye mfuko, nayo hufupisha muda wa kupungua kwa nusu ya sumu kutoka saa nne au zaidi hadi kati ya saa moja na moja na nusu. Mjamzito hupewa uangalizi wa pekee, kwa kuwa mtoto tumboni huathirika zaidi na kwa muda mrefu zaidi.

Masizi puani, sauti iliyokwaruza au nywele za pua zilizoungua ni dalili kwamba njia ya hewa imeungua na inaweza kuvimba na kuziba. Huyo hasubiri asubuhi. Hupewa rufaa mara moja, kwenye hospitali ya mkoa au Bugando jijini Mwanza. Jeraha la moto hupozwa kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta na barafu huongeza madhara.

Ufunguo

Yote haya hurudi mlangoni. King'ora hununua dakika, lakini hakifungui kufuli. Nyumba yenye kitasa cha umeme iwe na njia ya kukifungua kwa mkono kutoka ndani, umeme ukiwapo au usipokuwapo. Nyumba yenye kufuli iwe na msumari karibu na mlango, mahali pasipofikika kutoka nje, ufunguo utundikwe hapo kila usiku na usiondolewe. Dirisha moja angalau la vyumbani liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani. Mahali pa kukutania nje pajulikane, na namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ijulikane na kila mwenye umri wa kushika simu.

Siku ya kukijaribu kifaa kila mwezi, familia huweza kufanya jaribio moja zaidi. Taa huzimwa, king'ora hubonyezwa, na mtoto anayeufikia msumari huambiwa aende mlangoni kwa kuinama, autafute ufunguo kwa kupapasa na kufungua. Akishindwa, nyumba hiyo bado haijawa tayari, hata ikiwa na vifaa vipya kila chumba.